Boti Ndogo ya Mpira Katika Huduma za Afya: Matumizi na Utunzaji Wake Kando ya Ziwa Victoria

Utangulizi

Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome ni visiwa vyenye makazi, mashamba, shule na zahanati, lakini mgonjwa wao anapozidiwa, barabara ya kwanza kuelekea hospitali ni maji. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limewaondolea wagonjwa wa Sengerema na Geita adha ya kusubiri kivuko. Mkazi wa kisiwani hana daraja. Chanjo humfikia kwa chombo cha majini, sampuli yake ya damu husafirishwa kwa chombo cha majini, na rufaa yake pia hupita majini.

Ichukuliwe kwamba mjamzito wa kisiwani anaanza kutokwa damu saa 9 usiku. Muuguzi wa zamu anajua dawa za kuanza nazo. Asilolijua huenda likawa hali ya boti ya mpira iliyokunjwa stoo tangu ziara ya chanjo ya mwezi uliopita: je, inashika hewa? Pampu iko wapi? Mara nyingi majibu ya maswali hayo huandaliwa, au huharibiwa, wiki kadhaa kabla ya usiku huo.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa mwambao na visiwani, pamoja na wagonjwa na familia zinazosafirishwa nao. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza kinachoiwezesha boti ya mpira kuelea, kutambua safari inayofaa na isiyofaa kwa boti hiyo, kuikagua kabla ya kuondoka, kumhudumia mgonjwa akiwa ndani yake, na kuitunza ili iwe tayari wakati wote.

Hewa ndiyo mwili wa boti

Boti ya mpira ni mirija minene ya kitambaa kilichopakwa mpira au plastiki, iliyogawanywa kwa kuta za ndani kuwa vyumba kadhaa vya hewa. Kila chumba kina vali yake. Nyuma, yaani shetri, kuna ubao mgumu wa kupachikia injini. Chini kuna sakafu ya mbao, ya alumini au ya kujazwa hewa. Boti ya mbao ina umbo lake hata ikiwa nchi kavu. Boti ya mpira haina umbo wala nguvu pasipo hewa iliyoshindiliwa ndani yake.

Mhudumu wa afya ataielewa haraka akikumbuka shinikizo la damu. Likiwa chini mno, viungo havipati kinachohitajika. Likiwa juu mno, mishipa huumia. Na mara nyingi mwenye tatizo hajui mpaka apimwe. Mirija ya boti nyingi ndogo huhitaji shinikizo la kati ya bar 0.2 na 0.25, ingawa kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Hewa ikipungua, boti hujikunja katikati kila wimbi linapopita, injini hupoteza mwelekeo, na maji huingia. Ikizidi, maungio huachia.

Ziwa Victoria lina historia yake chungu kuhusu hewa na kuelea. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Meli hiyo, ikiwa imepinduka, iliendelea kuelea kwa muda kutokana na hewa iliyonaswa ndani. Ilipotobolewa katika jitihada za kuwafikia waliokuwa hai, hewa ilitoka na meli ikazama. Kanuni iliyoonekana siku ile kwa gharama kubwa ndiyo kanuni ya boti hii ndogo: kinachoibeba ni hewa iliyofungiwa, na kila tundu ni suala la uhai.

Hata hivyo boti hii si dhaifu kwa asili. Mwaka 1952 daktari Mfaransa Alain Bombard alivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari hadi Barbados kwa siku 65, akiwa peke yake katika boti ya mpira yenye tanga na urefu wa takriban mita 4.6. Safari ile ilikuwa ya majaribio na haifai kuigwa. Inachothibitisha ni kwamba hewa iliyofungiwa vizuri hudumu, mradi kitambaa, vali na maungio viwe vizima.

Safari inayofaa na isiyofaa

Boti ndogo ya mpira ina kina kifupi, hivyo hufika mahali ambapo chombo kikubwa hakifiki. Hubebwa na watu wanne, hukunjwa ikaingia nyuma ya gari, na ubavu wake laini haumuumizi mtu anayetolewa majini. Kwa sababu hizo shirika la uokoaji majini la Uingereza, RNLI, lilianza kutumia boti za namna hii mwaka 1963 kwa uokoaji wa karibu na pwani. Maneno "karibu na pwani" yasisahaulike. Kazi yake halali katika huduma za afya ni kuvusha mgonjwa kutoka mwalo wenye maji mafupi hadi chombo kikubwa, kupita ghuba tulivu mchana, kupeleka chanjo kijiji cha jirani, na kuokoa mtu aliyeanguka majini karibu na ufuko. Kukata ziwa la wazi usiku si kazi yake.

Sababu iko katika hali ya hewa ya ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo huteremka kutoka pande zote kwenda ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea kati ya usiku wa manane na asubuhi, hususan katika miezi ya mvua za masika na vuli. Anga iliyokuwa na nyota saa 4 usiku si dhamana ya saa 10 alfajiri. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unapaswa kusikilizwa kila siku ya safari, na neno la wavuvi wa mwalo husika lipewe uzito wake.

Jambo la pili ni mzigo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu na gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafariki. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Abiria waliiona nchi kavu kwa macho, lakini ukaribu huo haukuwaokoa.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kibati cha mzigo kiheshimiwe. Mirija yenye kipenyo cha sentimita 40 na jumla ya urefu wa mita 8 ina ujazo wa takriban mita moja ya ujazo; ikizama yote, husukuma maji ya kilo 1,000. Msomaji anaweza kudhani kwamba boti hiyo inabeba kilo 1,000. La hasha. Ikiwa na vyumba vitatu vilivyo sawa na kimoja kikipasuka, hubaki uwezo wa kilo 670 hivi, tena upande mmoja ukiwa umelala majini. Ndani ya uwezo huo kuna uzito wa boti yenyewe, injini, mafuta na maji yaliyoingia kwa mawimbi. Kwa hiyo mzigo unaoruhusiwa ni ule ambao boti itaweza kuubeba siku itakapoumia. Ndugu wa mgonjwa wanaotaka kumsindikiza wote waelezwe jambo hili kwa upole na bila kuyumba: msindikizaji mmoja anatosha.

Ukaguzi kabla ya kuondoka

Kujaza hewa kufanyike mahali pasipo na mawe, miiba wala vipande vya chupa, ikiwezekana juu ya turubai. Vyumba vijazwe kwa zamu: kila kimoja kifikishwe nusu kwanza, ndipo mzunguko wa pili uvikamilishe. Chumba kimoja kikijazwa chote huku jirani yake ni kitupu, ukuta wa kati hubeba shinikizo la upande mmoja na unaweza kuchanika, na ufa wa ndani ni mgumu kuufikia. Itumike pampu ya mguu au ya mkono iliyokuja na boti. Kompresa ya fundi wa matairi isitumike. Tairi la pikipiki huhitaji takriban bar 2, mara nane hadi kumi ya shinikizo la boti hii, na fundi aliyezoea tairi anaweza kupasua mrija kabla hajashtuka.

Joto nalo lina hesabu yake. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la anga ni takriban bar 0.88. Boti iliyojazwa bar 0.25 alfajiri kwenye nyuzi joto 25, kisha ikaachwa juani mpaka hewa yake ikafika nyuzi 45, husoma karibu bar 0.33, yaani ongezeko la theluthi moja bila mtu kugusa pampu. Kinyume chake, boti iliyojazwa bar 0.25 kwenye jua la nyuzi 40 hushuka hadi bar 0.20 hivi inapopozwa na maji ya nyuzi 25. Kwa hiyo boti ipimwe mara mbili: nchi kavu baada ya kujazwa, na majini baada ya dakika 10 hivi. Boti inayosubiri juani ipunguzwe hewa kidogo au ifunikwe.

Baada ya hewa, mkaguzi apitie mambo yafuatayo, kwa mpangilio uleule kila mara:

1. Vali zote zimefungwa na vifuniko vyake vimekazwa.
2. Ubao wa nyuma haujaoza wala kuachia, na skrubu za injini zimekazwa.
3. Injini inatoa mchirizi wa maji ya kupoozea. Magugu maji, mchanga na tope huziba njia hiyo. Mchirizi ukikoma, injini izimwe na njia isafishwe.
4. Kamba ya kuzimia injini imefungwa kwenye mkono au mguu wa nahodha, ili akianguka injini izimike na boti isimzunguke.
5. Mafuta yanatosha kwa kanuni ya theluthi: theluthi moja ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, theluthi moja ya akiba.
6. Kila aliyemo, mgonjwa na nahodha wakiwemo, amevaa jaketi la kujiokolea lenye ukubwa unaomfaa, na limefungwa.
7. Pampu, makasia, kamba, nanga ndogo, chombo cha kuchotea maji, tochi, filimbi, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji vimo botini.
8. Mtu aliyebaki nchi kavu anajua nani wameondoka, wanakwenda wapi, na saa ngapi ahesabu kwamba wamechelewa.

Mgonjwa ndani ya boti

Mgonjwa akae au alazwe sakafuni, katikati, kichwa kikielekea nyuma ambako mtikisiko ni mdogo. Kukaa juu ya mrija hupandisha uzito juu na kuifanya boti iyumbe. Aidha, mtu aliyekaa pale hurushwa kwa urahisi. Mjamzito alazwe kwa ubavu wa kushoto. Mgonjwa asifungwe kwenye boti wala kwenye machela iliyofungwa botini, kwa maana boti ikipinduka fundo hilo litamzamisha. Afunikwe kwa blanketi na plastiki juu yake: upepo na nguo zilizolowa hupoza mwili hata katika nchi ya joto, na mgonjwa anayetokwa damu hudhurika zaidi akipoa.

Vifaa vya tiba vina hatari zake kwa boti. Sindano, nyembe na vichupa vilivyovunjika viwekwe ndani ya kisanduku kigumu cha taka zenye ncha kali, kisha kisanduku hicho ndani ya ndoo yenye mfuniko. Sindano moja iliyodondoka sakafuni inaweza kumchoma mhudumu, mgonjwa na mrija kwa pamoja. Miguu ya machela ivishwe vitambaa. Mtungi wa oksijeni ufungwe imara mbali na dumu la petroli, na hakuna mtu avute sigara wala kuwasha moto.

Kabla ya safari, mhudumu amwimarishe mgonjwa kadiri inavyowezekana, kwa sababu yasiyofanyika nchi kavu ni magumu kufanyika majini. Njia ya mshipa ifunguliwe na kufungwa vizuri kwa plasta, dripu ianzishwe, na barua ya rufaa iwekwe kwenye mfuko wa plastiki. Mjamzito anayetokwa damu asifanyiwe uchunguzi wa ndani ya uke kabla ya kujulikana kondo la nyuma limekaa wapi. Kituo kinachompokea kipigiwe simu kabla boti haijaondoka.

Maji ya ufukoni na kichocho

Boti ya mpira husukumwa kwa mikono, na anayeisukuma husimama ndani ya maji mafupi yenye matete. Hapo ndipo wanapoishi konokono wanaobeba kichocho. Katika mwambao wa Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo, kinachoenezwa na Schistosoma mansoni, ni cha kawaida. Viluwiluwi vya vimelea hutoka kwenye konokono, hasa mchana, na huweza kupenya ngozi ndani ya dakika chache.

Inafaa kuchagua sehemu ya kuteremshia boti yenye mchanga au gati badala ya matete, kuvaa buti ndefu za mpira, na kufanya haraka. Kuosha boti kwa maji ya ziwa yaliyochotwa muda uleule ni kujiweka kwenye maji yaleyale. Maji yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, bila konokono, ni salama zaidi. Wafanyakazi wa boti wapimwe kichocho mara kwa mara na kupewa dawa ya prazikwanteli inapohitajika. Matete hayo huficha pia mamba na kiboko. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyaepuka.

Mtu akitolewa majini

Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa, na waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Mara nyingi mwokoaji wa kwanza ziwani huwa ni yule aliyekuwa karibu mwenye chombo. Kwa hiyo kila anayetumia boti ajue yafuatayo.

Injini izimwe mtu anapokuwa karibu na boti. Avutwe kupitia ubavuni, kamwe si nyuma kwenye panga la injini. Asipopumua, aanze kupewa pumzi mara 5, kisha mibonyezo 30 ya kifua na pumzi 2, na kuendelea hivyo, kwa kasi ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika. Pumzi zinaweza kuanza botini, lakini mibonyezo huhitaji sehemu ngumu. Juu ya sakafu ya hewa kifua hakibonyei ipasavyo, hivyo boti iwahishwe ufukoni. Kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili "kutoa maji" hupoteza muda na kunaweza kuingiza matapishi mapafuni. Aliyezinduka naye apelekwe kituo cha afya, kwani mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Utunzaji baada ya safari

Safari haijaisha mpaka boti ioshwe. Mchanga unaobaki kati ya sakafu na mrija husaga kitambaa kidogo kidogo kila boti inapotikisika, na matundu mengi huanzia hapo. Sakafu itolewe, mchanga usuuzwe, na sabuni laini itumike. Petroli iliyomwagika ifutwe mara moja.

Damu na majimaji ya mwili yasafishwe kwa utaratibu uleule wa kituo: glavu zivaliwe, damu ifutwe, dawa ya klorini ya asilimia 0.5 ipakwe na kuachwa dakika 10. Hapa kuna jambo ambalo mwongozo wa wodini hauligusi: klorini ikiachwa ikaukie kwenye boti hudhoofisha gundi na nyuzi. Baada ya dakika hizo, boti isuuzwe kwa maji mengi safi. Kwa njia hiyo mgonjwa ajaye analindwa dhidi ya maambukizi na dhidi ya kuzama vilevile.

Boti ikaushwe kivulini kabla ya kukunjwa, maana unyevu huleta ukungu na kuozesha ubao. Jua kali huzeesha kitambaa. Boti inayobaki nje ifunikwe. Stoo iwe kavu, boti iwekwe juu ya rafu, na chakula kisihifadhiwe humo, kwani panya hutafuna mikunjo ya kitambaa bila kelele. Angalau mara moja kwa mwezi ifunguliwe na kujazwa hewa, hata kama hakuna safari. Ijazwe alfajiri, ipimwe, iachwe kivulini, kisha ipimwe tena alfajiri ya pili, ili joto liwe lilelile na kulinganisha kuwe kwa haki. Vipimo viandikwe kwenye daftari kwa kila chumba, kama vile joto la friji ya chanjo linavyoandikwa. Chumba kinachopungua kidogo kila mwezi kinatoa taarifa mapema. Asiyepima ataipata taarifa hiyo akiwa majini.

Kutafuta tundu na kuliziba

Chumba kikipoteza hewa, maji ya sabuni yapakwe kwa sifongo, kuanzia kwenye vali, kisha maungio, kisha kitambaa. Povu linalokua huonyesha tundu, nalo lizungushiwe alama kwa kalamu. Vali inayovuja aghalabu huhitaji kusafishwa mchanga au kukazwa tu.

Kabla ya kuziba, ijulikane boti imetengenezwa kwa kitambaa gani, kwani PVC na Hypalon kila kimoja kina gundi yake, na gundi ya moja haishiki kwenye nyingine. Gundi ya viraka vya baiskeli haitoshi. Hewa itolewe yote. Kiraka kikatwe kwa umbo la duara, kizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, kwa sababu pembe kali hubanduka. Sehemu zote mbili zikwaruzwe kidogo kwa msasa kama maelekezo ya gundi yanavyoruhusu, zisafishwe, zipakwe tabaka mbili nyembamba za gundi na kusubiriwa kwa muda ulioandikwa, kisha zigandamizwe kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki chini. Kazi isifanyike wakati wa mvua wala unyevu mwingi. Boti ipumzike saa 24 kabla ya kujazwa hewa. Ufa ulio kwenye maungio au karibu na ubao wa nyuma ni kazi ya fundi, na boti isitumike mpaka itengenezwe.

Yanayomhusu mgonjwa na familia

Mgonjwa ana haki ya kuuliza jaketi lake liko wapi, boti inabeba watu wangapi, na kwa nini safari inaahirishwa. Naye amwambie mhudumu kama ana kifafa, kisukari au pumu, na kama hajui kuogelea.

Kwa mjamzito wa kisiwani, uamuzi mkubwa hufanywa kabla ya uchungu. Mwenye dalili za hatari, aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, au mwenye mapacha, apange na mumewe na wazazi kusogea karibu na hospitali wiki chache kabla ya tarehe yake, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua. Dharura ikitokea, mfumo wa m-mama hupatikana kwa namba 115 bila malipo kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga; Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Hitimisho

Turudi kwa mama wa saa 9 usiku. Ngurumo zikisikika juu ya ziwa, boti ndogo ya mpira haipaswi kumvusha, hata ndugu walie. Kumtia yeye, muuguzi na nahodha ndani ya dhoruba ni kuongeza idadi ya wanaohitaji kuokolewa. Atabaki akitibiwa kwa yote yaliyopo, simu zitapigwa, chombo kikubwa kitatafutwa, na boti itajazwa hewa na kukaguliwa ili mawimbi yakitulia imfikishe kwenye chombo hicho bila kupoteza dakika. Lakini iwapo stoo imefunguliwa na boti ikakutwa imetafunwa na panya, hata mlango huo mdogo utakuwa umefungwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa boti ya mpira ufa ni mdogo, kiraka ni cha sentimita chache, na wakati wa kukiweka ni mchana wa siku tulivu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini vyumba vya hewa hujazwa kwa zamu badala ya kimoja baada ya kingine?
2. Boti iliyojazwa juani itasoma shinikizo gani ikipoa majini: kubwa zaidi au dogo zaidi? Kwa nini?
3. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea saa zipi, na nini husababisha hali hiyo?
4. Ni hatua gani huongezwa baada ya kusafisha damu botini kwa klorini?
5. Katika kituo chako, boti ilijazwa hewa na kupimwa lini mara ya mwisho, na nani aliandika vipimo?